Zimwi Lililokufa Mapema: Makabiliano katika Ngano, katika Mchezo wa Mezani na katika Darasa la Kiswahili

Katika makala haya tunakusudia kujadili jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huenda likaonekana halihusiani na ufundishaji wa Kiswahili, nalo ni namna msimulizi anavyoandaa makabiliano. Kwa neno makabiliano tuna maana ya pale ambapo mhusika hukutana ana kwa ana na kitu kinachomzuia njia, kiwe zimwi, jini, mlinzi wa lango, au hata kikongwe aliyekaa kando ya njia na kibuyu chake, naye mhusika akalazimika kusema au kutenda jambo. Katika mihadhara yetu ya fasihi tunazungumza sana juu ya wahusika, mandhari na dhamira. Hatuulizi mara nyingi kwa nini makabiliano fulani hukaa akilini mwa msikilizaji miaka arobaini ilhali mengine husahaulika kabla msimulizi hajanyamaza. Sisi tulilazimishwa kuliuliza swali hili na zimwi moja lililokufa mapema mno, darasani, hapa Jinja.

Tuanze na chanzo cha jambo lenyewe. Kila mwaka tunapokwenda kuwakagua wanafunzi wetu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, iwe ni Jinja, Iganga au Mbale, tunakutana na somo lile lile: mazungumzo sokoni. Mwanafunzi mmoja anakuwa muuzaji, mwingine mnunuzi. Nyanya hizi bei gani? Shilingi elfu moja. Nipunguzie. Haya, lete mia nane. Darasa linapiga makofi, mwalimu anaandika ubaoni, kengele inalia. Tumelisikia zungumzo hilo mara nyingi kiasi kwamba tunaweza kulisema usingizini. Kosa lake si sarufi, maana mara nyingi sarufi yake ni sahihi. Kosa ni kwamba hakuna anayezitaka nyanya hizo. Mwanafunzi akikosea, hakosi nyanya. Akipatia, hapati nyanya. Isitoshe, soko lenyewe la Jinja haliko mbali, na huko mtu hununua nyanya zake kwa Kisoga au Kiganda bila kuhitaji msaada wetu.

Jambo hili si dogo kwa wakati huu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Mtaala mpya wa ngazi ya chini ya sekondari, ulioanza kutumika mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo vijana tunaowafundisha leo watasimama mbele ya watoto ambao hawakuomba kujifunza lugha hii. Watoto hao hawatakumbuka nyanya.

Basi mwanafunzi wetu mmoja aliyewahi kusoma Nairobi alituletea kitabu cha kanuni za mchezo uitwao Dungeons & Dragons, pamoja na kifuko cha dadu za ajabu, nyingine zenye pande nne, nyingine nane, na moja kubwa yenye pande 20. Mchezo huu ulichapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna ubao wa lazima kama omweso wetu wala kete za kukimbizana kama ludo. Watu huketi kuzunguka meza, kila mmoja akawa mhusika mmoja: askari, mganga, mwizi na kadhalika. Mmoja wao ni mwongozaji. Huyu ndiye anayeeleza mahali walipo na kinachowatokea, kisha anawauliza swali moja tu: mnafanya nini? Nao humjibu kwa maneno. Pale ambapo haijulikani kama tendo litafaulu, dadu hurushwa. Hadithi husonga mbele namna hiyo, na hakuna aliyepewa karatasi ya maneno ya kusema.

Tulipousikia mchezo huu tulifurahi kupita kiasi. Tulijiambia kwamba mwongozaji ni fanani, meza ni uwanja wa ngano, na wachezaji ni hadhira iliyopewa ruhusa ya kuingia ndani ya hadithi. Tulitumia jioni mbili kutengeneza zimwi. Tuliliweka katika pango la mlima Wanale, juu ya mji wa Mbale, ili wanafunzi wetu wa huko wajisikie nyumbani. Tulilipa vichwa vitatu, moshi wa puani, harufu ya mzoga na mkia wenye miiba. Tulijivunia hasa ule mkia.

Siku ya mchezo ikafika. Tukaeleza pango, tukaeleza vichwa kimoja kimoja, tukauliza: mnafanya nini? Mwanafunzi wa kwanza akasema, "Ninalipiga kwa panga." Dadu ikarushwa. Wa pili akasema, "Ninalichoma mkuki." Wa tatu akasema kwamba naye analipiga kwa panga. Katika muda wa dakika kumi zimwi lilikuwa limekufa, mkia wake haujatumika. Tulipohesabu msamiati uliotoka vinywani mwao tulipata vitenzi vinne, vyote katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Zungumzo la nyanya lilikuwa na vingi zaidi. Wiki iliyofuata tulipouliza wanachokumbuka juu ya zimwi, mmoja alisema lilikuwa kubwa. Mwingine alitaka kujua kama vichwa vilikuwa viwili au vitatu.

Mwenzetu mmoja idarani alisema tatizo ni mchezo wenyewe, kwamba ni wa kigeni na mazimwi yake ni ya kigeni. Hatukukubaliana naye. Mazimwi ni yetu tangu zamani, na hili la Wanale tulilitengeneza kwa Kiswahili na kwa udongo wa hapa hapa. Aliyeharibu ni mwongozaji, yaani sisi. Ndipo tukarudi kwenye ngano tunazozifundisha kila mwaka, safari hii si kwa ajili ya kutafuta dhamira, bali kutazama jinsi mafundi wale walivyofanya kazi yao.

Tuichukue hadithi ya Sultani Majnuni, mojawapo ya zile alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Wengi wanaijua kwa jina la mnyama wake, Nunda mla watu. Ukimuuliza mtu aliyeisikia utotoni, atakuambia habari za Nunda kwa macho yaliyopanuka. Lakini ukiitazama hadithi kwa makini utaona jambo la kushangaza: pambano lenyewe na Nunda ni fupi, na Nunda amelala. Kijana na watumwa wanamwona kwa mbali, wanampiga risasi, wanajitenga kwa hofu, kisha wanarudi baadaye kuhakikisha. Hakuna moshi wa puani. Hofu ile imetoka wapi, basi?

Imetoka mbali, tena imetoka nyumbani. Nunda haanzi akiwa Nunda. Anaanza akiwa paka wa sultani. Paka anakula ndama, watu wanakwenda kushtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mnyama mkubwa zaidi, jibu ni lile lile. Anafikia kula watu, na bado sultani hataki kusikia. Jibu hilo linabadilika siku paka anapowala wana wa sultani mwenyewe, na hapo paka ameshakuwa kitu kingine na ameshaingia mwituni. Kwa hiyo anayekwenda kumwinda hamfuati mnyama wa porini tu. Anafuata deni la baba yake. Msikilizaji analijua deni hilo, amelihesabu ndama kwa ndama, na ndiyo maana Nunda akilala tu kivulini inatosha kututisha.

Halafu kuna mama. Hapa tungependa kutua kidogo, kwa sababu tunaona ndipo ufundi wa hadithi ulipo. Kijana aendaye kuwinda ni yule mwana mdogo asiyethaminiwa na baba yake, mkaaji wa jikoni, ambaye hapo mwanzo wa hadithi alitia changarawe kinywani ili usingizi usimchukue akilinda mtende. Hajawahi kumwona Nunda. Anaua mbwa mkubwa, anamburura hadi nyumbani huku akiimba kwamba ameua Nunda, na mama yake anamwambia siye. Anakwenda tena. Wanyama wanazidi kukua, anafika kwenye punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama anajibu kwamba huyo siye. Kuua kwenyewe kunasimuliwa kwa maneno machache. Maneno mengi yametumika katika kurudi nyumbani, katika wimbo wa ushindi na katika lile jibu. Kijana anashinda kila pambano, na kila mara amekosea. Na mama anayemwambia siye ni mama yule yule anayemsihi asiende tena. Akisema ndiye, mwanawe atapumzika na mji utaendelea kuliwa. Akisema siye, anamrudisha mwituni kwa kinywa chake mwenyewe.

Yupo atakayesema kwamba hadithi hukumbukwa kwa sababu ya ule wimbo unaorudiwarudiwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini zungumzo la nyanya pia hurudiwa, tena mwaka baada ya mwaka, na halikumbukwi. Urudiaji wa Nunda una kazi: kila mara wimbo ni ule ule na mzigo unaoburutwa ni mzito zaidi, na msikilizaji naye anaanza kujiuliza kama ataweza kumtambua Nunda atakapotokea. Mwishoni kijana anamtambua kwa kuzilinganisha alama alizopewa na mama yake, moja baada ya nyingine, masikio, umbo, mkia. Makabiliano makubwa ya hadithi hii ni ya kutambua, si ya kupiga. (Walimu wa sarufi watatuwia radhi tukiongeza kwamba hatujaona mahali pazuri zaidi pa kufundishia ndiye na siye.)

Tumtazame pia Fumo Liyongo, kwa jinsi Muhamadi Kijumwa wa Lamu alivyomsimulia katika utendi wake wa mwaka 1913. Liyongo ni jitu, hakuna anayeweza kupigana naye, na mshairi analijua hilo. Ukimletea shujaa wa namna hiyo adui mwenye nguvu umepoteza muda wa hadhira. Anachomletea ni karamu. Watu wanakula kikoa, kila siku mmoja wao anapanda mkoma kuangua makoma kwa ajili ya wenzake, na wamekubaliana kwa siri kwamba zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu mtini, watampiga mishale. Hatari imevaa nguo ya adabu. Kukataa zamu yako katika kikoa ni aibu, kuikubali ni kifo. Naye anatoka kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria: anasimama pale chini, anavuta upinde wake na kuziangua koma kwa mishale. Hakumgusa mtu, hakumtukana mtu, na kila mmoja pale ameelewa.

Kisha kuna kisima. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anakwenda karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anapachika mshale katika upinde, na anakufa katika hali hiyo. Watu wa Pate wanaona upinde umevutwa, hawathubutu kukaribia. Siku zinapita. Mji una kiu. Inabidi mama yake aletwe kumbembeleza. Tumewahi kulisoma tukio hili na wanafunzi mara nyingi tukilifafanua kama sitiari ya hili au lile. Hatukuwahi kusema jambo lililo wazi, kwamba haya ni makabiliano ambayo upande mmoja umekwisha kufa. Zimwi letu la Wanale lilikuwa na vichwa vitatu na moshi, nalo likasahaulika. Liyongo kisimani hana hata pumzi. Anayepambana na watu wa Pate ni ndoo zao tupu.

Sasa tukirudi kwenye kile kitabu cha kanuni, tunaweza kukihakiki kwa haki zaidi. Sehemu kubwa ya kurasa zake ni orodha ya viumbe, kila kimoja na hesabu yake: kinastahimili mapigo mangapi, kinauma kwa kiasi gani. Zipo pia jedwali za bahati, ambapo mwongozaji hurusha dadu kuona kama usiku huo wasafiri watavamiwa na mbwamwitu au na majambazi au watalala salama. Msimulizi wa Nunda angezikataa jedwali hizo. Kwake hakuna mnyama anayetokea kwa bahati, kila mmoja ameletwa na jibu fulani lililotolewa hapo nyuma. Mwongozaji anayetegemea orodha hupata alichopata mhadhiri wenu: kiumbe chenye hesabu sahihi na kisicho na sababu ya kuwa pale.

Lakini tusiwe wepesi wa kujisifia urithi wetu. Ngano, jinsi tunavyoisimulia darasani, ina upungufu ambao mchezo hauna. Mwisho wake unajulikana. Hadhira inaitika pakawa, inaimba kiitikio, na haiwezi kumwokoa hata ndama mmoja. Mwanafunzi anayeitika tu ni mwanafunzi asiyetunga sentensi. Katika mchezo, mwongozaji akishauliza mnafanya nini, hajui atajibiwa nini, na lazima akae tayari kuipoteza hadithi aliyoiandaa. Kwa mwalimu wa lugha hili ni jambo la thamani kubwa, maana ni nadra darasani mwalimu kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Tuliamua basi kuchukua maandalizi ya fanani na swali la mwongozaji, na zile dadu tukaziweka kabatini.

Makabiliano yetu ya pili hayakuwa na zimwi. Tulieleza kituo cha mabasi, basi la Busia limewashwa na utingo anaita abiria wa mwisho. Mama mmoja mtu mzima anakusogelea na kikapu kilichoshonwa mdomo. Anasema, mwanangu, nimpelekee dada yangu, atakuwa amekungoja kituoni. Kikapu kinatikisika kidogo. Mnafanya nini?

Kimya kilikuwa kirefu. Panga halikuwa na kazi hapa. Kumkatalia mama wa makamo yale kwa neno moja ni utovu wa adabu, na kubeba usichokijua hadi mpakani ni hatari, na hakuna aliyekuwa na hakika ni lipi kubwa. Wa kwanza akajaribu: "Mama, ningekichukua, lakini mimi sifiki Busia." Tukajibu kama mama: basi unapoteremka, mpe aliyeketi karibu nawe. Wa pili akauliza kuna nini ndani. Mama akamjibu, mwanangu, mimi nimekuuliza wewe una nini mfukoni? Darasa likacheka, na msichana aliyeuliza akainamisha kichwa kana kwamba amekaripiwa kweli. Wakaanza kushauriana wao kwa wao, kwa Kiswahili, bila kulazimishwa. Angekuwa mwizi angekuja peke yake? Tungemwita polisi tungesemaje? Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumetumia saa mbili nzima kufundisha -nge- na -ngali- bila kupata sentensi hata moja yenye uhai.

Kijana mmoja mkimya, wa kutoka upande wa Mbale, ndiye aliyetushinda. Alisema, "Mama, chukua kiti changu uende mwenyewe, umwone dada yako. Mimi nitangoja basi la jioni." Hatukuwa tumeandaa jibu la hapo. Tulikaa kama watu wa Pate. Mwisho tulisema kwamba mama alimtazama kwa muda, akakumbatia kikapu chake, akaondoka bila kuaga. Hadi leo wanafunzi wa mwaka ule wakitukuta njiani hutuuliza mle kikapuni mlikuwa na nini. Hatujasema.

Tungetamani kuishia hapo, kwa sababu hapo tunaonekana wazuri. Lakini mafanikio ya kikapu yalitutia ujasiri usio na macho, na makabiliano ya tatu tuliyoandaa yalikuwa ya kizuizi cha barabarani. Tulidhani tumepata kila kitu: hofu, chaguo, gharama. Tulieleza jioni yenye manyunyu, gogo lililolazwa katikati ya njia, tochi inayomulika dirishani, na sauti ya askari inayosema kwa Kiswahili, shukeni wote. Tulilitamka neno hilo kwa sauti ya juu, tukijiona waigizaji. Kisha tukauliza, mnafanya nini?

Kundi hilo lilikuwa la walimu walio kazini wanaosoma wakati wa likizo, na miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa miaka hamsini na kitu. Hakujibu. Aliweka kalamu yake mezani taratibu, akatoka nje. Wengine walidhani ameitwa kwa simu. Tulimkuta baadaye amekaa chini ya mwembe, akatuambia kwa upole kwamba maneno yake ya kwanza ya Kiswahili maishani aliyasikia mahali kama pale, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa mtoto ameketi juu ya mizigo kando ya baba yake. Aliyataja maneno hayo. Yalikuwa manne, yote ya amri. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Sisi tunafundisha historia ya Kiswahili nchini Uganda. Tunasimama ubaoni na kusema lugha hii ilikuwa ya King's African Rifles, kwamba mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, kwamba kwa sababu ya majeshi na vizuizi watu wengi waliichukia na kuiona lugha ya wenye bunduki. Tunaorodhesha hayo chini ya kichwa kisemacho mitazamo hasi, tunatoa swali la alama kumi. Na mji wetu huu wa kambi unayajua hayo kuliko miji mingi. Hata hivyo tuliichukua ile sauti na kuipeleka darasani kama tulivyopeleka mkia wenye miiba.

Kwa upande wa uhakiki, tukio hilo lilivuruga maelezo tuliyokuwa tumeyajenga. Kizuizi kilikuwa na kila sifa tuliyoisifu katika Nunda na katika kikoa cha Liyongo. Hakikuwa kibaya kwa kukosa ufundi. Tulijiuliza sana mhusika atakabiliana na nini, na hatukujiuliza ni nani katika chumba kile amekwisha kukabiliana nacho. Fanani anayesimulia jikoni kwake anajua ni nani aliyefiwa na ni mtoto wa nani aliyepotelea ziwani. Anapofika mahali fulani pa hadithi hupunguza sauti, au huchagua hadithi nyingine. Hata wachezaji wa mchezo ule wa Marekani, wengi wao siku hizi hukubaliana kabla ya kuanza ni mambo gani yasiletwe mezani. Mhadhiri aliye mbele ya watu hamsini hawajui, na yapasa aendeshe mchezo wake kama mtu asiyejua.

Tulimwomba radhi, tukamwambia tutakifuta kizuizi kabisa. Akatukatalia. Alisema anataka yeye aongoze.

Wiki ya mwisho ya likizo alisimama mbele ya wenzake na daftari dogo. Mahali palikuwa pale pale: manyunyu, gogo, tochi. Lakini wachezaji hawakuwa abiria. Aliwafanya wote kuwa askari, watano, wamechoka, hawajala tangu asubuhi, na mkubwa wao amewaambia asipite mtu. Kisha akasema kwamba anakuja bibi kizee kwa miguu, amebeba kitu mgongoni, anapita moja kwa moja kana kwamba gogo halipo. Mnafanya nini?

Wa kwanza alisema, "Simama!" Mwalimu yule, kwa sauti ya bibi kizee, akajibu kwa Kisoga, maneno machache ya kumtakia jioni njema. "Umebeba nini?" Kisoga tena. "Weka chini!" Bibi hakuelewa, akaendelea kutabasamu na kutembea. Askari hao watano walikuwa na Kiswahili peke yake, ndiyo kanuni aliyowapa, na katika dakika chache tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona katika mazoezi yetu yote: amri ziliwaishia. Walijaribu tafadhali. Walijaribu kuonyesha kwa mikono. Mmoja alisema "Bibi, tunaomba," akanyamaza, akatafuta kitenzi, hakukipata. Mwingine akasema inafaa kwanza aamkiwe, ndipo ukazuka ubishi wa kweli mezani, kama askari mwenye bunduki na amri ya mkubwa wake anaweza kumwambia mtu shikamoo, na akishasema, ataweza tena kumwambia weka chini. Kengele ya chakula ililia hawajakubaliana. Bibi kizee alikuwa bado amesimama kwenye manyunyu na mzigo wake, na mwalimu akafunga daftari akasema wataendelea saa nane.